Mizigo ya Kudandia

Kariakoo kila bidhaa ina mtaa wake. Spea na vyuma viko Gerezani, kanga na vitenge Mtaa wa Uhuru, nguo za kuvaa Congo. Vitu vya kuchezea watoto havina mtaa. Utavikuta nyuma ya muuza madaftari, juu ya mabeseni ya plastiki, kwenye ngazi za jengo la mabegi ya shule, au vimening'inia mlangoni kwa muuza maua ya bandia. Mtaa wa Sikukuu upo, na jina lingefaa kabisa, lakini nao umeshikwa na biashara nyingine.

Mimi nauza midoli, mipira na magari ya kuchezea Magomeni tangu Mzee Ruksa, yaani Rais Mwinyi, anakaribia kuondoka Ikulu. Kibao juu ya fremu yangu mpaka leo kimeandikwa Vifaa vya Shule. Siku nilipokwenda kuiulizia fremu ile, mwenye nyumba, bibi mmoja mwenye kauli zake, alitaka kujua nitauza nini. Nikamwambia midoli. Akanitazama toka juu mpaka chini. "Mwanangu, na kodi utanilipa midoli?" Nikaongeza madaftari papo hapo, na madaftari ndiyo yaliyonipa fremu.

Wenzangu wengi wanasema midoli haina mtaa kwa sababu watu hawana hela ya kuchezea. Sikubaliani nao. Asubuhi ya Idi Mosi nimewaona wazazi waliokopa unga wiki iliyopita wakimnunulia mtoto gari la polisi lenye king'ora. Hela ya mtoto hupatikana. Ninavyoona mimi, tatizo liko kwenye safari. Katika mji huu kitu cha kuchezea hakijawahi kusafiri kwa nauli yake. Kila zama kimedandia mzigo wa mwenzake, na kinaposhuka kinashukia dukani kwa mwenye mzigo.

Zamani zaidi vitu hivyo havikuhitaji safari kabisa. Edward Steere, mmisionari aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alichapisha mwaka 1870 kitabu cha kufundishia Kiswahili. Kwenye orodha yake ya maneno mna tiara, mna kishada, mna pia. Watoto wa Unguja walikuwa wakirusha na kuzungusha vitu hivyo kabla reli haijatandazwa popote Afrika Mashariki, na hakuna aliyevinunua. Karatasi, ukuti, uzi, kipande cha mti na kisu cha kaka mkubwa, basi.

Sisi tuliozaliwa karibu na Uhuru tuliendelea na utaratibu huohuo, ila malighafi zilibadilika kwa sababu mji ulikuwa umeanza kutupa takataka za kiwandani. Gereji zilitupa beringi, zikawa magurudumu ya kigari cha mbao, na gololi za ndani yake zikapata kazi zake. Tyubu iliyokufa ilizaa manati. Ndala iliyokatika ilikatwa matairi. Lakini hakuna kilichofikia gari la waya. Kwanza unatafuta waya mgumu wa chesesi na waya laini wa kufungia viungo, ukikosa unazungukia uzio wa watu. Unakunja boneti, unakunja kabini, kila pembe inafungwa kwa waya laini mizunguko mitatu au minne, mkia unakatwa kwa jiwe. Ekseli ya mbele haigongwi, inaachwa icheze, kwa maana usukani unaishika kwa fimbo ndefu inayokuja mpaka kifuani kwa dereva. Mvulana akikimbia anakata kona bila kuinama. Kaka yangu alitengeneza Leyland yenye keria na ngazi ya nyuma, nyuma ya keria akafunga kopo la maziwa lenye mchanga ili gari likae chini barabarani. Mimi niliruhusiwa kuwa abiria, yaani kukimbia pembeni.

Siku hizi gari kama hilo utalikuta kwenye maduka ya watalii, limenyooshwa vizuri na kupakwa rangi, kwa bei ambayo kaka yangu angenunulia baiskeli. Sina neno. Aliyelitengeneza naye ana watoto.

Vya dukani vilikuwepo, lakini vilikuwa vya watu wengine. Acacia Avenue ya wakati wa Mwingereza, ambayo leo ni Samora, ilipamba madirisha mwezi wa Desemba kwa ajili ya watoto wa maofisa. Bidhaa hizo zilikuja ndani ya makasha ya makampuni ya uagizaji pamoja na biskuti, wiski na vyombo vya udongo. Baba yangu alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini, na ndiye aliyenifundisha kugeuza kitu juu chini kabla ya kukitazama usoni. Magari ya bati ya baada ya vita ya pili yaliandikwa Japan tumboni. Ya plastiki ya miaka ya hamsini na sitini yaliandikwa Empire Made, na hayo yalitoka Hong Kong, lakini anayenunua angedhani ameletewa kitu cha Uingereza. Baba alipenda sana ujanja huo. Alisema hata bati linajua kujificha kabila.

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mwezi huohuo makampuni makubwa ya uagizaji na uuzaji yakataifishwa. Kazi yao ikapewa shirika la biashara la taifa, STC, na baadaye kampuni za mikoa, RTC. Ungetegemea kwamba mwanasesere ndiye wa kwanza kufutwa kwenye orodha ya serikali ya kijamaa. Kabla hajafutwa akapata lifti ambayo hakuna aliyeitarajia, lifti ya reli.

Mwaka 1967 huohuo Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kujenga reli ya Uhuru, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Mkopo haukuwa na riba. Shida ilikuwa gharama za hapa ndani: vibarua walipwe shilingi, chakula kinunuliwe kwa shilingi, na shilingi China haikuwa nazo. Njia iliyopatikana ni hii: China ilete bidhaa zake kwa mkopo, serikali iziuze madukani, na fedha za mauzo ziende kulipia reli. Kwa hiyo tangu ujenzi ulipoanza mwaka 1970, maduka yetu yalijaa chupa za chai zenye maua, taa za kandili, kalamu za wino, vitambaa, mabeseni ya enameli yenye samaki wekundu. Kila aliyenunua beseni alikuwa amenunua msumari wa reli, ajue asijue.

Na katikati ya mabeseni alikuwemo chura.

Chura yule alikuwa wa bati, kijani, ana mabaka ya njano mgongoni na macho yaliyochorwa yakapitiliza kidogo. Ubavuni ana tundu la ufunguo. Unamtia ufunguo mpaka springi igome, unamweka sakafuni, anatulia kidogo kama anafikiri, halafu anaruka, anaruka, anapinda kushoto. Wote walipinda kushoto, nadhani ufunguo ndio uliowaelemea. Alikuwepo pia kuku anayedonoa, lakini kuku alihitaji sakafu ya sementi iliyonyooka, na sisi chumba chetu kilikuwa na mabonde. Chura alivumilia. Mama alimnunua dukani pamoja na kandili, na muuzaji alimfunga kwenye gazeti lilelile moja na glasi ya taa. Hapo ndipo ninapoona historia yote ya biashara yangu: kitu cha kuchezea kimefungwa kwenye gazeti la kitu cha maana.

Reli ilikabidhiwa mwaka 1976, na ile pumzi ya bidhaa za mkopo ikakatika. Mwaka huohuo ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa vijijini ili ya ushirika yachukue nafasi, na mahali pengi ya ushirika hayakuwa tayari kuichukua. Mwishoni mwa 1978 Idi Amin akavamia Kagera. Vita vilipokwisha Mwalimu Nyerere akatuambia tujifunge mkanda miezi kumi na minane, na mkanda ule uliendelea kukaza miaka. Pesa za kigeni zilikuwa za mafuta, dawa na vipuri. Sukari ilikuwa foleni, sabuni ilikuwa foleni, kanga ya kuzikia ilikuwa barua ya balozi wa nyumba kumi. Nani angeombea kibali cha kuagiza chura? Mwaka 1983, katika operesheni ya kuwasaka wahujumu uchumi, watu walitupa baharini vitu walivyokuwa wamevificha, na nilisikia mengi yaliyotupwa, lakini sikusikia mdoli. Hakukuwa na wa kutupa.

Vilivyoingia miaka hiyo viliingia kwenye begi. Baharia alileta kimoja, mwanafunzi aliyerudi kutoka Moscow au Berlin Mashariki alileta kingine, na mtoto aliyepewa alikuwa mheshimiwa wa mtaa mzima mpaka betri ilipokwisha. Betri zenyewe za National zilikuwa zikitengenezwa hapahapa Dar, na bado zilikuwa adimu.

Biashara ya mama yangu ilianzia kwenye upungufu huo. Sikukuu haiahirishwi kwa kukosa pesa za kigeni. Watoto wanapewa mkono wa Idi, shilingi mbili tatu za kila shangazi na kila baba mdogo, wamevaa, wamepakwa poda, wanakwenda Mnazi Mmoja, na hela imewakaa kiganjani inawasha. Mama aliliona hilo. Mwezi mzima wa Ramadhani alikuwa anapita kwa mafundi cherehani kukusanya mabaki. Vipande vya krimplini vilikuwa mwili, pamba ya msufi ikawa tumbo, nyuzi nyeusi za kufumia zikawa nywele, na kila mwanasesere alisukwa kabisa, mistari mitatu ya twende kilioni. Nguo zao zilikuwa za vitambaa vilevile ambavyo mtaa mzima ulishonea sikukuu ile, kwa hiyo mtoto alimkuta mwanasesere amevaa gauni kama lake. Mama hakulipanga hilo kama ujanja wa biashara. Mabaki ndiyo yaliyokuwa hayo. Lakini waliisha kabla ya adhuhuri, na mwaka uliofuata mafundi wakaanza kumuuzia mabaki waliyokuwa wakimpa bure.

Nimeuza wanasesere wa kila aina tangu wakati ule, wa kulia, wa kukojoa, wa kuimba Kichina. Sijauza tena aliyevaa kama mnunuzi wake.

Mlango ulifunguliwa kwenye bajeti ya Juni 1984. Mwenye pesa zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa, na hakuulizwa amezipata wapi. Mwaka uliofuata Mzee Mwinyi akaingia Ikulu, na ruksa ikawa lugha ya kila siku. Watu wanakumbuka sabuni na dawa ya meno zilivyorudi. Mimi nakumbuka marobota ya mitumba, kwa sababu robota la mitumba ndilo lililokuwa lifti iliyofuata. Wafungaji wa Ulaya na Marekani walikuwa wanajazia marobota ya nguo za watoto kwa chochote kilichokuwa kabatini, na likifunguliwa, katikati ya masweta unaruka mguu wa dubu. Wauza nguo hawakuwataka. Mama aliwachukua kwa fungu, kwa bei ya kuondoa uchafu, akawaloweka kwenye karai la sabuni ya unga, akawashona macho ya vifungo, akawaanika kwenye kamba kwa masikio. Uani kwetu siku ya kufua kulikuwa na dubu wananing'inia, sungura, tembo mmoja asiye na mkonga, na majirani wakipita wanacheka. Baadaye wafungaji huko walijua kwamba soko lipo, wakaanza kufunga marobota ya midoli mitupu, na bei ya fungu ikafuata. Midoli ya mtumba bado inauzwa mpaka leo. Nakushauri uitazame mshono kabla ya kununua, na uifue kabla hujampa mtoto.

Miaka ya tisini ilikuwa ya Dubai. Mizigo ilishuka Unguja, ikavuka kwa boti kwenye mabegi ya kina mama, redio na manukato ndani, na pembeni mwa redio magari ya rimoti. Nilipoanza duka langu nilichukua mali kauli kutoka kwa mama mmoja wa mabegi hayo: unachukua leo, unalipa ukiuza, daftari ni ulimi wako. Aliniamini kwa sababu alimjua mama.

Kisha ikaja China mara ya pili, safari hii bila reli. Guangzhou kwanza, halafu Yiwu, mji ambao soko lake la Futian lilifungua jengo la kwanza mwaka 2002 na ghorofa ya chini yake ikajaa vitu vya kuchezea, kibanda baada ya kibanda, mpaka macho yanachoka kushangaa. Vingi havitengenezwi hapo. Vinatoka Chenghai, kule Shantou, pwani ya Guangdong, wilaya ambayo inaishi kwa plastiki ya watoto.

Hapa ndipo mtu anayetaka kuielewa biashara yangu inabidi avumilie hesabu kidogo. Nauli ya meli kwa mzigo wa kuchangia hulipwa kwa ujazo, ndiyo hizo CBM ambazo kila mtu Kariakoo anazitaja hata kama hajui kirefu chake. Kontena la futi 20 linabeba mita za ujazo zipatazo 33. Ukilijaza vigae vya sakafu, unafikia kikomo cha uzito wakati zaidi ya nusu ya kontena bado ni hewa. Ukilijaza mipira na midoli, unajaza mpaka dari na uzito haujafika popote. Kimoja kinamaliza kilo, kingine kinamaliza nafasi. Mkusanyaji wa mizigo anayejua kazi yake anaviozesha: vigae chini, midoli juu. Mwenye vigae ndiye mwenye kontena, ndiye anayepanga siku ya kuondoka, ndiye anayegombana na watu wa forodha. Midoli imepanda juu ya vigae, na inafika vigae vinapofika.

Mengi ya dukani kwangu yanaelezwa na hesabu hiyo. Ukiona mdoli hana boksi, boksi limetolewa kwa sababu boksi ni hewa na hewa inalipiwa nauli. Ukiona baiskeli ya mtoto imekuja vipandevipande na skrubu zimepungua, ni hivyohivyo. Gari kubwa la kupanda mtoto ni ghali mara nyingi kuliko dogo lililotumia plastiki karibu nusu yake, na mteja ananiita mwizi. Hununui plastiki, mama, unanunua nafasi kwenye meli. Nikimweleza hivyo ananiona nimekuwa mwizi mwenye maneno.

Ndiyo maana pia hatuna mtaa. Mwenye mzigo mkubwa wa midoli peke yake ni nadra. Midoli inashushwa kwa muuza vigae, kwa muuza mabegi, kwa muuza vyombo, nao wanaitoa kwa winga, dalali wa mtaani, na winga ndiye ananipigia simu. Nimenunua dazeni za wanyama wa plastiki kutoka ndani ya stoo ya masinki ya choo. Duka zima la jumla linalokaa juu ya midoli tu lingehitaji watoto wanunue mwaka mzima, na watoto wetu wananunua kwa kalenda. Idi mbili, Krismasi, Sabasaba kule Barabara ya Kilwa, mahafali ya chekechea mwishoni mwa mwaka. Januari ni ada, hapo madaftari yananisitiri kama yule bibi alivyojua. Kati ya sikukuu na sikukuu nauza gololi, puto na mpira wa mia tano.

Kalenda nayo imeanza kunipiga chenga. Vijana wa mataani wanamfikia mzazi akiwa kwenye foleni ya magari, mtoto kiti cha nyuma analia anataka kile kipepeo kinachopiga makofi, na mzazi ananunua ili apate amani mpaka Kimara. Mwaka 2021 machinga walipoondolewa barabarani nilidhani wateja watarudi dukani. Walirudi wachache, halafu vijana nao wakarudi. Siwalaumu, baadhi yao wananunua kwangu kwa jumla asubuhi na jioni wananiuzia wateja wangu mwenyewe mita mia mbili kutoka mlangoni.

Binti yangu anataka tufunge fremu. Anapiga picha midoli juu ya kitambaa cheupe, anaweka mtandaoni, oda zinakuja, bodaboda anapeleka. Ananionyesha hesabu na hesabu yake ni nzuri: hakuna kodi ya fremu, hakuna bili ya taa. Ninachomwuliza ni mtoto atashika nini kabla ya kununua. Dukani kwangu mtoto anaingia na shilingi mia tano ya bibi yake, anashika vitu kumi, anarudisha tisa, na hakuna bodaboda wa kumpelekea kitu cha mia tano. Binti anasema hao si wateja. Mama yangu aliishi kwa hao.

Tumekubaliana hivi kwa sasa: yeye anauza vikubwa kwa simu, mimi vidogo kwa mkono, na fremu tunalipia nusu kwa nusu mpaka Idi ya pili ipite. Mzigo uko njiani. Mwenye kontena kaniambia limejaa masinki na milango ya alumini, na katoni zangu zimewekwa juu kabisa, karibu na mlango, kwa hiyo likifunguliwa zitakuwa za kwanza kushuka.